Nyumba Iliyopakana na Uwanja wa Shule

Wajukuu zangu, nanyi wengine mnaoniita bibi kwa sababu ya mvi tu, mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Juzi mmoja wenu alinipigia simu akiwa kazini. Anatafuta nyumba ya kupanga hapa Dodoma, mkewe yuko karibu kujifungua, na swali lake lilikuwa moja: akae karibu na shule au akae mbali? Nikamwambia jambo hilo halimaliziki kwenye simu. Basi naliandika, ili na wengine mlisome.

Nilikuwa dalali wa nyumba. Najua mnavyokunja uso mkisikia neno hilo. Dalali kwenu ni mtu wa kusema nyumba ina maji kumbe maji yanatoka Jumanne tu. Wapo wa hivyo, siwatetei. Mimi nilikula kwa miguu yangu, nikitembeza watu kutoka mtaa hadi mtaa kwenye vumbi hili letu, mpaka magoti yalipogoma. Wanawake katika kazi ile tulikuwa wachache sana, na wateja wengi waliponiona walidhani mimi ndiye mwenye nyumba, au mke wa dalali.

Aliyenifundisha ni Mzee Sudi, Mrangi wa Kondoa, mtu wa kofia safi na baiskeli iliyopiga kelele kuliko yeye mwenyewe. Yeye hakuwa na maneno mengi. Mara yangu ya kwanza kupata mteja wa nyumba iliyo jirani na shule, nilifurahi nikataka kumpeleka Jumamosi. Mzee Sudi akashuka kwenye baiskeli.

"Mama Yona, Jumamosi ile si shule, ni uwanja mtupu. Atapenda, atahamia, halafu Jumatatu atakuja kukutukana mbele za watu. Mpeleke saa nne, watoto wakitoka mapumziko. Akiipenda saa nne, ameipenda kweli."

Tangu siku hiyo nilifanya hivyo. Namsimamisha mteja kwenye chumba anachotaka kulala, nanyamaza, kengele inalia, naye anasikiliza mwenyewe. Nanyi fanyeni hivyo. Kisha tokeni nje mtazame paa. Bati lililobonyea bonyea upande mmoja linakwambia mawe na mipira inatokea wapi. Tazameni madirisha ya jirani yanayoelekea uwanjani: akiwa ameyaziba kwa wavu, ana sababu. Mwezi wa saba upepo ukianza, uwanja wa shule usio na nyasi unahamia sebuleni kwako, unalala juu ya kitanda na ndani ya sufuria. Na kuhusu masika, ulizeni maji ya uwanja huo yanapita wapi, kwa maana nimeona nyumba nzuri kabisa ambayo kila mvua kubwa inageuka mto.

Mazuri yapo pia, tena mengi. Mtoto anarudi mchana anakula ugali wa moto. Mara nyingi pale penye shule umeme na bomba vimefika mapema. Ukitaka kupangisha chumba, walimu wanakuja wenyewe. Mchana kuna macho mengi, mwizi anaona haya. Na mama mwenye jiko la maandazi hatafuti wateja, wanamfuata.

Kulikuwa na mstaafu mmoja niliyempatia nyumba ya kununua jirani na shule. Akapanda zabibu uani, akazitunza kama mboni ya jicho. Zabibu zilipoanza kuiva, watoto nao wakaanza kuruka ukuta. Akaja kwangu amevimba. "Mama Yona, uliniuzia nyumba au uliniuzia bustani ya shule?" Akaweka seng'enge, wakapita chini yake. Akanunua mbwa mkubwa mwenye sura mbaya. Baada ya muda mfupi mbwa yule alikuwa anawasubiri watoto ukutani akitikisa mkia, kwa sababu walimletea vipande vya maandazi. Mwisho mzee aliamua kuvuna mapema, zabibu zikiwa chachu, na hadi leo anasema alipenda hivyo.

Nimewachekesha kidogo. Yanayofuata hayachekeshi, lakini ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka ule watumishi walipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi, sisi madalali hatukupata nafasi hata ya kunywa chai. Asubuhi moja alikuja kijana mmoja, dereva wa ofisi, jina lake Iddi. Yeye hakuwa mgeni. Alikuwa ametoka Kondoa miaka kadhaa nyuma na alipanga ng'ambo ya barabara kuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unataka vyumba vingapi?"

"Hata kimoja kinatosha. Ninachotaka ni mtoto atoke mlangoni aingie shuleni bila kukanyaga lami."

Wengi walinitaka niwatafutie nyumba karibu na shule. Huyu ndiye wa kwanza kutaja lami. Nikamwambia iko moja, imepakana kabisa na uwanja wa shule ya msingi, na kwenye uzio kuna kigeti kidogo, mtoto anapita humo. Nikamweleza na ubaya wake, kelele, vumbi, mipira.

"Kelele hazijaua mtu, mama," akasema.

Kesho yake alikuja na mkewe Zaituni na binti yao Hadija, aliyekuwa karibu kuanza darasa la kwanza. Zaituni alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, anayejua anachotazama. Alifungua bomba akasubiri aone maji yana rangi gani. Akagonga milango kwa kidole asikie kama imeliwa na mchwa. Akauliza jua la jioni linaingia chumba kipi. Nikasema moyoni, huyu angekuwa dalali mzuri.

Kengele ikalia. Mnajua watoto wa shule ya msingi wanavyotoka mapumziko. Ni kama mtu amefungua lango la zizi. Sauti zilijaa nyumba nzima. Zaituni alikuwa amesimama katikati ya sebule. Akasogea ukutani, akauwekea mkono, akakaa chini kwenye sakafu, na akabaki hapo amejifunika uso kwa mtandio.

Nilidhani presha. Nilikimbia kuleta maji. Niliporudi Iddi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Hadija alisimama mlangoni akiwatazama, bila kushangaa, kama mtoto aliyekwisha kuona jambo hilo mara nyingi.

Iddi akanitoa uani. "Mama, tulikuwa na mtoto wa kiume kabla ya huyu. Ramadhani. Tulimwita Rama. Aligongwa akivuka barabara kuu kwenda shule. Kila siku mama yake ndiye aliyemvusha. Asubuhi ile alikuwa na homa, hakuweza kusimama, akamwambia aende na wenzake."

Nikamwambia, "Baba, mimi nakula nyumba zikipangishwa. Lakini hii iacheni. Nitawatafutia nyingine."

"Iko wapi nyingine isiyo na barabara katikati?"

Sikuwa nayo. Kila shule niliyoijua upande ule, mtoto wa mpangaji angevuka lami mahali fulani. Tukiwa tumesimama hivyo, Zaituni akatoka. Alikuwa amenawa uso.

"Tuichukue," akasema. "Masikio yatakayoumia ni yangu. Miguu itakayovuka barabara ni ya mtoto."

Wakahamia.

Mwanzoni niliona kama mambo yamekwenda vizuri. Hadija alipita kigetini asubuhi, mapumziko alirudi kunywa uji, akarudi tena mbio. Iddi akikutana nami njiani alisimamisha gari ya ofisi katikati ya njia kunishukuru, mpaka walio nyuma wakapiga honi. Zaituni ilipofika saa nne alifunga madirisha yote, akafungua redio kwa sauti ya juu, akakaa chumba cha nyuma. Mpira ukiangukia uani aliurusha bila kutazama ulikokwenda. Alijitahidi. Nilikuwa na nyumba nyingine mtaa huo huo, kwa hiyo nilipita mara kwa mara na nikimkuta tunasalimiana, ananiletea kigoda, tunazungumza. Tukawa kama mama na mwanawe.

Halafu nikaanza kumkuta kwenye uzio. Jua la saa saba, lile la Dodoma linalochoma hadi kivulini, yeye amesimama ameshika seng'enge.

"Mwanangu, jua lote hili?"

"Namwangalia Hadija tu, mama. Leo hakimbii. Naona kama mguu unamuuma."

Siku nyingine: "Leo ana shati jepesi na upepo huu." Siku nyingine: "Yule mvulana mrefu anamsogelea sogelea." Hadija akianguka, mama amekwishafika kabla ya mwalimu. Mtoto mwenzake akimsukuma kwenye foleni ya maji, mama anapita kigetini. Hakumpiga mtoto wa mtu wala hakumfokea. Alimshika tu Hadija mkono na kumpangusa vumbi, mbele ya darasa zima. Wenzake wakaanza kumkwepa. Nani anataka kucheza na mtu ambaye mama yake anatokea uzioni?

Hili, wajukuu zangu, hakuna dalali atakayewaambia. Tunawaambia kelele, tunawaambia vumbi. Hatuwaambii kwamba nyumba ikiwa karibu mno na shule, mzazi anaweza kushindwa kumwacha mtoto aende shule. Mlangoni anatoka, lakini jicho la mama halimwachi.

Mwalimu mkuu wa shule ile, mama mmoja mtaratibu sana, alimtuma mtu aniite. Nikaenda ofisini kwake.

"Wewe ndiye uliyewaleta," akaniambia, "na wanakuheshimu. Mtoto ana akili. Lakini hachezi. Nikimuuliza swali darasani anageukia dirishani kwanza, amtazame mama yake, ndipo ajibu. Ningeweza kufunga kile kigeti, ila najua yaliyompata yule mama. Nashindwa. Zungumza naye wewe."

Nilikwenda jioni ile. Nilimkuta Zaituni anachambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza kwa upole, nikizunguka zunguka kama tunavyofanya watu wazima. Aliniacha nimalize.

"Mama Yona, una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Wote wazima?"

"Wote wazima, namshukuru Mungu."

"Basi nyamaza, mama yangu."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kutoa chuya, moja moja, akizitupia kuku. Nami nikanyamaza. Tulikaa hivyo mpaka mchele ukaisha, akanifungia kidogo nikapike nyumbani, nikaondoka.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka Hadija alipokuwa darasa la nne, walinialika kufuturu. Mimi ni Mkristo, lakini futari ya Zaituni haikataliwi. Tambi zake na magimbi ya nazi nayakumbuka mpaka sasa. Tumekaa mkekani, tumekwisha kunywa uji, Hadija akaweka kikombe chini.

"Baba, naomba nikasome Kondoa. Nikae kwa bibi."

Iddi akacheka, akidhani ni utani. Zaituni hakucheka.

"Hapa umekosa nini?"

"Sijakosa kitu, mama."

"Nani amekupiga?"

"Hakuna."

"Mwalimu?"

"Hakuna aliyenipiga, mama." Mtoto akaendelea. "Nikicheza unaniona. Nikilia unaniona. Hata nikikaa tu nikiwaza, nikiinua macho nakuona unaniangalia. Nimechoka. Kule kwa bibi shule iko mbali, tunapita mashambani, hakuna lami. Nimemuuliza bibi, ameniambia hakuna lami."

Kumbe alikwisha kuuliza. Mtoto wa umri ule alikuwa amejitafutia nyumba mwenyewe, na amekumbuka kuuliza habari ya barabara.

Zaituni aliinuka, akachukua sahani yake ambayo bado ilikuwa na chakula, akaenda nayo bombani. Tukasikia maji yakitiririka kwa muda mrefu.

Iddi hakumlazimisha mtu. Wiki zikapita, sikukuu ya Idi ikapita, jambo likabaki ndani ya nyumba kama mgeni asiyezungumziwa. Nilidhani limekufa. Kumbe Zaituni alikuwa analipika taratibu. Mwisho wa muhula nilipopita nilimkuta anafua sare za Hadija na kuzikunja ndani ya begi.

"Anakwenda," akaniambia. "Mtoto aliyechoka na mimi, nikimshikilia nitampoteza akiwa hai."

Nilikwenda nao stendi. Iddi ndiye aliyempeleka. Zaituni alimweleza kondakta mahali pa kuwashusha, akaeleza tena, ingawa Iddi alikuwa amesimama pale pale naye amezaliwa huko. Nikamuuliza kwa nini asipande aende akaione hiyo shule.

"Nikienda sitarudi," akasema. "Nitahamia nyuma ya dirisha la shule ile nayo."

Basi likaondoka kuelekea Kondoa. Hadija alipunga mkono mara moja, akageuka kutazama mbele, na nilimwona Zaituni akikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeulizwa swali.

Baada ya hapo nyumba ile ikawa haina mwanafunzi. Iddi akaja kwangu, amekonda.

"Mama, tutafutie pengine. Tulikaa pale kwa ajili ya shule, na sasa hatuna wa kumpeleka shule. Mke wangu hali chakula. Anakaa uani mchana kutwa. Kelele zile zinammaliza."

Nilifurahi, nawaambieni ukweli. Nilitafuta kama natafutia mwanangu wa kumzaa. Nikapata nyumba huko Zuzu, nje kidogo ya mji, imara, eneo kubwa, mwenye nyumba muungwana, jirani yuko mbali kidogo, shule haipo kabisa upande ule. Tukaenda sote watatu.

Zaituni alipita chumba kwa chumba. Hakufungua bomba safari hii, wala hakugonga mlango. Alifungua madirisha tu, moja baada ya jingine, akasimama. Ulisikika upepo, na kwa mbali mbuzi wa mtu.

"Unaona?" Iddi alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Kimya."

"Kimya kweli," akasema Zaituni. Kisha akauliza, "Saa nne imepita?"

"Imepita," nikamjibu.

"Hapa simsikii."

Iddi akamtazama. "Hadija yuko Kondoa, utamsikiaje?"

"Si Hadija."

Akakaa kwenye kizingiti cha dirisha. Alizungumza akitazama nje, kama anayemweleza mtu aliyeko uani.

"Kule wakitoka mapumziko kuna sauti moja. Si ya mtoto mmoja. Mwaka huu ni huyu, mwaka kesho ni mwingine. Lakini haikosekani. Wenzake wamekwisha kukimbia, yeye yuko nyuma anaita, 'Nisubirini!' Rama alikuwa anaita hivyo hivyo. Mwanzoni nilifungua redio nisiisikie. Siku hizi redio naizima."

Iddi alibaki amesimama na funguo mkononi. "Miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Ungenihamisha."

Nikachukua funguo mkononi mwake nikafunga nyumba. Katika kazi yangu yote sijawahi kurudisha funguo za nyumba nzuri namna ile, na mwenye nyumba aliponiuliza ina kasoro gani nikamwambia wateja wamebadili nia.

Bado wanaishi pale pale, wamepakana na uwanja. Hadija yuko sekondari sasa, mrefu kumpita mama yake. Anakuja likizo, wakati shule imefungwa na uwanja una mbuzi tu. Nimewakuta wakisukana nywele uani wakicheka, na nikaondoka bila kubisha hodi. Likizo ikiisha anarudi kwa bibi yake. Hakuna anayemwomba abaki.

Mzee Sudi alikwisha kufariki, vinginevyo ningemuuliza kama nyumba ile niliwapatia vizuri au vibaya. Mimi mwenyewe sijui. Ninyi mkitafuta, msitazame ukuta na bomba peke yake. Mwulize aliye pamoja nawe anasikia nini, na umpe muda wa kujibu.

Iddi nilikutana naye sokoni, muda fulani baada ya ile safari ya Zuzu. Akaniambia kwamba kesho yake aliomba ruhusa kazini, akabeba kigoda, akakaa uani na mkewe. Kengele ikalia, watoto wakatoka.

"Uliisikia?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Nilisikia watoto tu, wamechanganyika. Ila katikati ya zile kelele alinishika mkono kwa nguvu, nikajua imepita."